Plastiki za shambani zimerundikana na mnunuzi amezikataa: tuziandaeje?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima wa nyanya Ilula, wilayani Kilolo. Kikundi chetu kina ekari nane kwa jumla. Tunamwagilia kwa matone na kufunika matuta kwa nailoni nyeusi. Kila tukimaliza kuvuna tunang'oa zile plastiki na kuzirundika nyuma ya stoo, tukisubiri wa kuzinunua. Juzi amekuja mnunuzi kutoka mjini, akageuzageuza lundo, akachukua madumu machache na kuondoka. Wenzangu sasa wanasema bora tuchome. Na chupa za dawa zimo humohumo. Tuziandae na kuzihifadhi vipi ili gari likija lisituache tena?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kabla ya yote, waombe wenzako wasichome kitu. Sababu nitazitoa huko mbele, ila kiberiti kikishawashwa, ushauri wangu hautakuwa na kazi tena.

Yule mnunuzi simlaumu. Analipa kwa kilo, anasafirisha kwa kilo, na kiwandani anahesabiwa kilo za plastiki, si kilo za udongo. Nailoni ya matuta ikitoka ardhini na tope lake, udongo na maji vinaweza kuizidi uzito plastiki yenyewe. Akinunua tani moja kwenu, akailipia nauli mpaka Dar es Salaam, kisha ikaoshwa na kubaki nusu, hasara yote ni yake. Kwa hiyo alipokuwa anageuza lile lundo alikuwa anaangalia udongo, unyevu na mchanganyiko wa aina. Nina hakika vyote alivikuta.

Ukijua kinachotokea kiwandani, masharti yao hayatakuchosha. Plastiki hukatwakatwa kwa visu, huoshwa, hukaushwa, kisha huyeyushwa ndani ya mashine ndefu yenye parafujo inayoisukuma ipite kwenye chujio la waya. Mchanga unakula makali ya visu, na ukifika kwenye chujio unaliziba. Mashine inasimamishwa, chujio linabadilishwa, kazi inaanza upya. Maji yaliyobaki yanageuka mvuke ndani ya ile plastiki ya moto na kuacha mapovu, hivyo kinachotengenezwa kinatoka na vitundu. Aina zikichanganyika ni shida nyingine. Polithini laini ya nailoni yenu huyeyuka kwenye nyuzijoto 110 hivi, ilhali polipropilini ya viroba inahitaji 160 na zaidi, na hata zikiyeyushwa pamoja hazishikani vizuri. PVC, plastiki ngumu ya mabomba ya maji, ndiyo mbaya kupita zote, maana ikipata joto hilo hutoa asidi inayokula vyuma vya mashine. Kipande kimoja cha bomba la kijivu kikijificha ndani ya robota la nailoni kinatosha kuharibu mzigo.

Ndiyo maana mimi husisitiza jambo moja kwa kila kikundi: thamani ya plastiki ya shambani huamuliwa siku mnapoitoa ardhini. Stoo haiwezi kuirudishia usafi ulioachwa shambani. Kazi ya stoo ni kulinda tu kile mlichokwisha kukifanya.

Nianze na nailoni nyeusi, kwa kuwa ndiyo nyingi na ndiyo yenye usumbufu. Msiing'oe udongo ukiwa umelowa. Fungeni maji mapema baada ya mchumo wa mwisho, na kama mnamaliza msimu kati ya Juni na Oktoba mna bahati, jua lenyewe litawasaidia. Ondoeni kwanza nguzo na kamba, kisha kateni mashina ya nyanya usawa wa ardhi badala ya kuyang'oa na mizizi, kwa sababu mizizi ikitoka inachana matundu na kuleta bonge la udongo juu ya nailoni. Legezeni kingo kwa jembe, pole pole, bila kuikata. Kingo zilizofukiwa ndizo zinazobeba udongo mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Halafu igeuzeni juu chini, upande uliokuwa umelala kwenye udongo uangalie jua, na muiache hapohapo kwa saa mbili au tatu. Udongo wa huko kwenu ukikauka unaanza kubanduka wenyewe kama magamba. Sasa watu wawili washike ncha, waikung'ute kwa nguvu, wasiiburute chini. Mtu wa tatu aizungushe kwenye nguzo kuukuu, mpate mviringo uliokaza, kisha nguzo ichomolewe.

Wengi huniuliza kama waioshe. Jibu langu kwa nailoni ya matuta ni hapana. Mtatumia maji mengi, mtatengeneza tope, na nailoni nyembamba ikishakunjwa na maji ndani haikauki. Mtaikuta imeota ukungu na inanuka. Kung'uta ikiwa kavu kunatosha. Kingo zilizogandamana na udongo zikikataa, zikateni mziweke kwenye kiroba chake, msiache sehemu hiyo ndogo iwaharibie robota zima.

Kuna sababu nyingine ya kuacha udongo shambani kwake, nayo haizungumzwi sana. Kama mmoja wenu ana mnyauko bakteria kwenye shamba, vimelea vyake viko kwenye udongo. Mkibeba nailoni zenye tope kutoka mashamba yote na kuzikung'utia kwenye uwanja mmoja wa kikundi, mnagawana ugonjwa. Kila mtu akung'ute kwenye shamba lake. Majani makavu yaliyonasa nayo yabaki hukohuko yafukiwe, yasije yakawa usafiri wa kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, kwenda kwa jirani.

Mipira ya matone ina adui mwingine, mchanga wa ndani. Nimewahi kumwona mpokeaji wa mizigo akichukua mpira mmoja katikati ya bunda lililoonekana safi kabisa, akaupasua kwa kisu kwa urefu kama kiganja. Ndani kulikuwa na mstari mwekundu wa tope laini, umejikusanya kwenye kila kitundu cha kutolea matone, mwembamba lakini haukatiki. Alipitisha kidole, akakionyesha, akashusha bei ya bunda lote. Dawa yake ni ya dakika chache. Kabla hamjaitoa mipira, fungueni ncha zote za mwisho, fungulieni maji kwa msukumo wa kutosha, muache yatoke mpaka yawe meupe. Fungeni maji. Kisha anzeni kuikunja kutoka upande uliofungwa kwenda upande ulio wazi, ili maji yote yasukumwe nje; mkianzia upande wa wazi mnayafungia ndani. Chomoeni viungio, vizibo vya mwisho na raba za kwenye bomba kuu. Hivyo havitakiwi na mnunuzi, ila vingi mnaweza kuvitumia tena, kwa hiyo viwekeni kwenye ndoo yenye mfuniko. Na kama mipira yenu ni ile minene inayokaa misimu mingi, ichunguzeni kwanza. Mpira ambao bado unatoa maji sawasawa unawafaa zaidi shambani kuliko kwenye mzani.

Nikusaidie na hesabu, maana mnunuzi akipiga simu swali lake la kwanza litakuwa kilo. Kwa matuta yaliyoachana mita moja na nusu, ekari moja inachukua karibu mita 2,700 za nailoni. Kama upana wake ni mita 1.2 na unene ni maikroni 25 (maikroni 1,000 ni milimita moja), hiyo ni kama kilo 75 ikiwa safi na kavu. Mipira ya milimita 16 yenye ukuta wa milimita 0.2 kwa urefu huohuo ni kama kilo 25. Kwa ekari zenu nane mna karibu kilo 600 za nailoni na kilo 200 za mipira kila mnapobadilisha zote. Hayo ni makadirio. Someni unene na upana kwenye lebo ya rola mpate namba zenu. Mkipima mzigo ukakuta nailoni ya ekari moja ina kilo 130, mjue kilo hamsini na kitu ni udongo, na mnunuzi atajua pia.

Ukiona nailoni yenu inachanika vipande vipande mkononi wakati wa kuitoa, tatizo lilianzia dukani. Rola nyembamba sana ni za bei rahisi, lakini hazitoki ardhini zikiwa nzima. China, inayotumia nailoni hizi kuliko nchi nyingine yoyote, ilipandisha unene wa chini unaoruhusiwa kutoka maikroni 8 hadi 10 mwaka 2018, kwa sababu zile nyembamba zilikuwa zinabaki vipande udongoni msimu hadi msimu. Mimi ningewashauri msishuke chini ya maikroni 25 kama nia ni kuitoa nzima na kuiuza. Na mtu akiwauzia nailoni “inayooza yenyewe”, hiyo isiguse kabisa robota la kuuza, kwani inaharibu ubora wa polithini ya kawaida.

Kutambua aina si kazi ya maabara. Angalieni kwanza namba ndani ya pembetatu: 2 ni polithini ngumu, ya madumu na chupa nyingi za dawa, 4 ni polithini laini, ya nailoni, 5 ni polipropilini, ya viroba na kamba nyingi, 3 ni PVC, 1 ni plastiki ya chupa za maji ya kunywa. Kama namba haipo, kateni kipande kidogo, kioshwe, kizamisheni kwenye ndoo ya maji na kukibonyeza viputo vitoke. Polithini na polipropilini zitaelea. PVC na plastiki ya namba 1 zitazama. Kipimo hiki hakitenganishi polithini na polipropilini, lakini kitawaokoa na ile PVC niliyoisema. Kisifanywe kwa chupa za dawa.

Viroba vya mbolea vinakaa peke yake. Vingi vina mfuko wa nailoni ndani ya gunia la kusukwa; uchomoeni, kwa kuwa ni aina mbili tofauti. Kung'uteni chembe za mbolea shambani, maana chumvi zake huvuta unyevu na kiroba hakitakauka kikiwa nazo. Mifuko ya PICS ya kuhifadhia nafaka nayo ina nailoni mbili ndani na kiroba nje, itenganisheni vilevile. Kamba za plastiki ziwekwe kwenye gunia lao, zisilegee ndani ya mzigo mwingine, kwa sababu zinajizungusha kwenye mhimili wa mashine mpaka isimame. Za katani ziacheni zioze shambani. Trei za miche zioshwe na kutumika tena mpaka zivunjike, viwanda vingi havizitaki. Mwenye kitalu nyumba asiichanganye nailoni yake na ya matuta. Ile ni nene, mara nyingi maikroni 150 hadi 200, na haijalala udongoni. Hiyo inafaa kufutwa vumbi au kuoshwa, kwani huenda ikawa ndiyo plastiki laini yenye bei nzuri kuliko zote mlizo nazo.

Sasa chupa za dawa. Hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu afya za watu zinahusika.

Chupa ya kiuatilifu isiyosuuzwa ni taka hatarishi, na haipaswi kulala lundo moja na kitu chochote. Inawezekana kabisa kwamba mnunuzi wenu alikimbia kwa sababu ya harufu ya dawa tu. Na kama aliondoka na madumu yaliyokuwa na dawa, ningependa muulizane yanakwenda wapi, maana dumu la namna hiyo likisagwa holela linaweza kuishia kuwa beseni au kikombe. Wapo pia wanaoosha wenyewe na kuwekea mafuta ya taa, maziwa au maji. Dada yangu, plastiki hunyonya dawa ndani ya kuta zake. Hakuna sabuni wala majivu yatakayoifanya chupa hiyo ifae kwa kinywaji au chakula.

Kusuuza kufanyike palepale mnapochanganya dawa, kabla mabaki hayajakauka. Jazeni maji kwenye bomba la kupulizia mpaka nusu, mimineni kipimo cha dawa. Chupa ikiisha, iacheni ichuruzike kwenye bomba kwa nusu dakika. Tieni maji safi robo ya chupa, fungeni kizibo, tikiseni kwa nusu dakika, mimineni kwenye bomba hilohilo, muache ichuruzike tena. Rudieni mpaka zitimie mara tatu, kisha mjaze bomba. Vaeni glovu na kinga ya macho. Maji ya kusuuzia hayamwagwi chini wala mtoni. Yanakwenda kwenye mimea pamoja na dawa, tena ni dawa mliyoilipia.

Kwa nini mara tatu na si mara moja kwa maji mengi? Chukulia chupa ya lita moja imebakiwa na mililita 10 za dawa kwenye kuta zake. Ukiisuuza mara moja kwa mililita 750, kinachobaki ni sehemu moja kati ya 76 ya dawa ile. Ukiyagawa maji hayohayo mara tatu, mililita 250 kila mara, kinachobaki ni sehemu moja kati ya zaidi ya 17,000. Maji ni yaleyale, tofauti ni mikono yako. Miongozo ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ya vyombo vya viuatilifu imejengwa juu ya tendo hili: chombo kilichosuuzwa mara tatu ipasavyo kinaweza kuhesabiwa kuwa si taka hatarishi, pale sheria za nchi zinaporuhusu.

Baada ya hapo itobolewe kitako kwa msumari mnene au kisu ili mtu asiitumie tena, lebo iachwe ibaki kusomeka, na vizibo vikusanywe kando, kwa kuwa mara nyingi ni vya plastiki ya aina nyingine. Ule utando wa kung'aa wa mdomoni uondolewe wote. Chupa zikae kwenye gunia lililoandikwa kwa herufi kubwa, ndani ya chumba cha kufungwa kwa kufuli, mbali na kisima, chakula, malisho na watoto. Pakiti za karatasi ya kung'aa, za dawa ya unga, hazirejelezwi kwa njia hii. Zikusanyeni kwenye gunia lake pamoja na mifuko ya mbegu zilizopakwa dawa. Na zile chupa za zamani ambazo dawa imeshagandia ndani, msizipeleke mtoni kuzisugua. Zitieni kwenye gunia, andikeni “hazijasuuzwa”, zifungieni.

Nani azichukue? Si mnunuzi wa chakavu wa kawaida. Muulizeni afisa kilimo wa kata awaunganishe na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na ofisi ya kanda ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, ili mpate mkusanyaji mwenye kibali. Sambamba na hilo, anzeni kumuuliza muuza pembejeo kila mnaponunua: “Chupa hizi zikiisha utazipokea?” Ulizeni kama kikundi, kwa sauti moja, tena kabla ya kulipa. Brazil walifika mbali kwa njia hiyo. Sheria yao ya mwaka 2000 iligawa wajibu: mkulima asuuze na arudishe, muuzaji apokee, mtengenezaji abebe kazi ya kuvisafirisha na kuvirejeleza au kuviteketeza inavyotakiwa. Taasisi ya watengenezaji, inpEV, ilianza kazi 2002, na sasa zaidi ya asilimia 90 ya vyombo vya plastiki vinavyogusana na dawa vinarudi. Huwa vinakuwa mabomba ya kupitishia nyaya na hata madumu mapya ya viuatilifu, matumizi yasiyogusa chakula. Kenya nayo ilitoa kanuni za wajibu wa mzalishaji mwaka 2024. Sioni kwa nini wakulima wa Ilula wasidai kitu kama hicho kwa wanaowauzia.

Turudi kwenye stoo yenu. Mliweka plastiki nyuma yake, juani na mvuani, na huko ndiko ilikozidi kuharibika. Nailoni ya kilimo imewekewa kinga ya jua ya kutosha kazi yake shambani, kinga hiyo ikiisha jua linaivunja. Chukueni kipande, kikunjeni, kisugueni kati ya vidole: kikikatika au kutoa unga, kimekwisha. Kwa hiyo mzigo unahitaji paa, na sakafu iliyoinuliwa kwa pau au magogo ili maji yasipande kutoka chini. Kuta si lazima, bora hewa ipite, ila pande zinazopigwa na jua zikingwe. Ng'ombe na mbuzi wasifike kabisa. Mnyama akimeza nailoni inakaa tumboni isitoke, na anakonda mpaka anakufa huku mkidhani ni minyoo. Panya wanapenda kulala kwenye mipira iliyokunjwa, na nyoka huwafuata, kwa hiyo msirundike mpaka darini na muache njia ya kuzunguka.

Moto ndio ninaouogopa zaidi. Plastiki ikishika moto hudondosha matone yanayowaka na hutoa moshi mweusi unaomziba mtu pumzi kabla hajafika mlangoni. Pahala pa kuhifadhia pawe mbali na nyumba, jiko na nyasi kavu, asivute mtu sigara hapo, na mchanga kwenye ndoo uwe tayari. Hizo ndizo sababu za kuwakataza wenzako kuchoma pia. Moto wa shambani hauna joto la kutosha kuteketeza vizuri. PVC ikiwa humo inazalisha sumu za dioksini, mabaki ya dawa yanapanda na moshi, na majivu yanarudi kwenye udongo mnaolima nyanya. Kufukia nako ni kuahirisha tu, trekta litaifukua.

Kufunga mzigo hakuhitaji mashine. Tengenezeni sanduku la mbao lisilo na mfuniko, lenye kimo cha kiuno, upande mmoja uwe wa kufunguka. Tandazeni vipande virefu vya nailoni chini, vikiwa vimesokotwa, ncha zining'inie nje. Jazeni, mtu akanyage, jazeni tena, akanyage. Kisha fungeni kwa zile ncha, fungueni upande, mtoe robota. Siri ni kufunga kwa plastiki ileile: robota la nailoni lifungwe kwa nailoni, bunda la mipira kwa kipande cha mpira. Waya na kamba ya kiroba mnunuzi atalazimika kuvitoa, na mara nyingine anavisahau. Fanyeni robota ambalo watu wawili wanalibeba bila kuumia, kilo 25 au 30. Lisilobanwa vizuri linajaza gari hewa. Canter itaonekana imejaa, nauli iko palepale, kilo hazipo.

Kila robota liwe na kibandiko: aina, jina la mwenye mali, kilo, mwezi. Pimeni kwa mzani wenu kabla ya mnunuzi kuja, na msikubali kuuza lundo kwa kukadiria kwa macho. Kabla hamjaandaa mzigo mkubwa, mpelekeeni sampuli, robota moja la nailoni na bunda moja la mipira. Mwambieni alikate katikati mbele yenu, aseme wazi anachokubali, anachokataa, bei ya kilo kwa kila aina, na nani analipa usafiri. Wengine hawachukui nailoni ya matuta hata ikiwa safi. Ni afadhali mjue mapema mtafute mwingine. Eneo la kukusanyia liwe karibu na barabara kuu. Mko pembeni ya njia ya Iringa kwenda Morogoro na Dar es Salaam, hiyo ni nafuu ambayo vikundi vingi vya milimani hawana. Na mtu asiwatishe kwamba kubeba nailoni hizi ni kosa kwa sababu ya marufuku ya mwaka 2019. Marufuku iliyoanza Juni 1 mwaka ule ililenga mifuko ya kubebea; plastiki za sekta ya kilimo ziliachwa nje.

Msihifadhi zaidi ya mwaka mmoja mkisubiri bei ipande. Kwa plastiki iliyokwisha kukaa juani msimu mzima, kusubiri kunaishusha.

Kuhusu lundo lililopo sasa, chagueni siku kavu. Lipigeni kwa fimbo ndefu kwanza ili wadudu, panya na nyoka watoke, watoto wabaki nyumbani, kila mtu avae viatu vya kufunika na glovu. Mipira mingi itaokolewa kwa kukatwa ncha, kusukumiwa maji na kukaushwa kivulini. Nailoni itakayosagika mkononi haiuziki. Itieni kwenye magunia na muiulize halmashauri mahali pa kuipeleka dampo, isirudi shambani. Chochote kilichomwagikiwa dawa kiende na chupa za dawa. Mkishindwa kumaliza siku moja si neno, ila chupa zenyewe zitoke zote siku ya kwanza.